Chai ya Kericho na Bomet: safari ya jani kutoka China, mkononi mwa Mreno, hadi mnada wa Mombasa

Muulize mtu yeyote wa Mombasa, Malindi au Lamu chai anayoteremshia mahamri na mbaazi asubuhi imetoka wapi, atakujibu Kericho. Jibu ni sahihi, lakini ni nusu ya habari. Mmea wenyewe asili yake ni China. Miongoni mwa Wazungu wa kwanza kuuona ukinywewa kwao na kuandika habari zake ni Wareno, wale wale waliojenga Fort Jesus. Waliouleta Kericho ni Waingereza, kwa mbegu za India. Na majani yakishachumwa huko juu na kukaushwa, hurudi kwetu pwani kuuzwa na kupakiwa melini.

Makala haya yanaifuata safari hiyo hatua kwa hatua. Yanafuata pia jambo moja linalojirudia njia nzima: kila mgeni mwenye nguvu aliyepita alikuja na karatasi yake, na aliyekosa karatasi hiyo akawa mgeni kwake mwenyewe.

Bahari kabla ya Mreno

Ni kosa kudhani kwamba Mreno ndiye aliyetuunganisha na Asia. Karne nyingi kabla yake majahazi yalikuwa yakienda na pepo za kaskazi na kusi baina ya pwani hii, Bara Arabu, Uajemi na Gujarat. Vyombo vya kaure kutoka China vimechimbuliwa Gede, na bakuli za Kichina zilipambwa kwenye kuta za misikiti na makaburi ya mawe. Mwanzoni mwa karne ya 15 Malindi ilipeleka twiga China kwa mfalme wa ukoo wa Ming, na merikebu za Zheng He zikafika pwani yetu.

Katika biashara hiyo hakuna taifa lililodai kuimiliki bahari. Mfanyabiashara alilipa ushuru bandarini, akauza, akanunua, akasubiri upepo ugeuke. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mreno na karatasi ya bahari

Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, asipatane na wenyeji, akaenda Malindi. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na ushindani wake na Mombasa, alimpokea na kumpa rubani. Wengi tulisoma shuleni kwamba rubani huyo ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Oman. Wanahistoria wa leo wengi hawakubaliani na hilo, na wapo wanaosema alikuwa mtu wa Gujarat. Lililo wazi ni kwamba Mreno aliifikia Calicut mwezi Mei mwaka ule kwa elimu ya watu wa bahari hii hii.

Alichokuja nacho kipya ni mizinga. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliishambulia Mombasa, akaipora na kuichoma moto. Mwaka 1510 Wareno waliiteka Goa na kuifanya makao makuu ya himaya yao ya mashariki. Mwaka 1511 wakaitwaa Malacca, na ilipofika 1557 walikuwa wameweka kituo Macau, kusini mwa China. Mombasa yetu ilitawaliwa kama sehemu ya mtandao huo, na amri zake zilitoka Goa. Fort Jesus, ambayo wenyeji wa Mji wa Kale huiita Ngomeni, ilianza kujengwa 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyekuwa mhandisi wa Wareno huko Goa.

Kando ya mizinga palikuwa na karatasi. Wareno waliiita cartaz. Ilikuwa hati ya ruhusa ambayo chombo cha mfanyabiashara wa Asia au Afrika kilipaswa kuinunua ndipo kisafiri. Ilitaja bandari za kupitia na ushuru wa kulipa. Chombo kisichokuwa nayo kiliweza kukamatwa pamoja na shehena yake. Nahodha ambaye baba na babu yake walivuka bahari ile kwa kutazama nyota, sasa alihitaji kibali cha mtu aliyefika jana.

Watu hawakunyamaza. Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa, alichukuliwa mdogo akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri na kubatizwa Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa kutawala. Agosti 1631 aliwageukia Wareno, akaitwaa ngome na kurudi katika Uislamu, ingawa mwaka uliofuata aliihama Mombasa. Baadaye Waomani waliizingira ngome hiyo tangu 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698. Wareno walirejea kwa muda mfupi tu, 1728 hadi 1729.

Jina la chai

Chai ilifika katika maandishi ya Ulaya kwa njia mbili, na moja ni ya Muislamu. Mwaka 1559 kilichapishwa Venice kitabu cha Giovanni Battista Ramusio, ambamo mfanyabiashara wa Kiajemi aitwaye Haji Muhammad anasimulia habari za majani yanayochemshwa China na kunywewa kama dawa. Njia ya pili ni ya padri Mreno, Gaspar da Cruz. Yeye alifika Guangzhou mwenyewe mwaka 1556, na kitabu chake kuhusu China, kilichotoka Ureno mwaka 1570, kinaeleza jinsi mgeni anavyokaribishwa kwa kinywaji hicho.

Majina ya chai duniani yana asili mbili kubwa, zote za Kichina. Kusini, upande wa Guangdong na Macau, husema cha. Upande wa Fujian husema te. Waholanzi walinunua kutoka kwa watu wa Fujian, na ndiyo maana Waingereza, Wafaransa na Wajerumani wana majina yenye sauti ya te. Wareno walinunua Macau, na hadi leo husema chá. Jina la cha lilisafiri pia nchi kavu mpaka Uajemi, likawa chay, likaenea kwa Waarabu, Waturuki na Wahindi. Kiswahili kililipata kupitia watu wa Asia. Kwa hiyo Mswahili na Mreno wanalitaja jani hili kwa jina lenye shina moja, kila mmoja akiwa amelipata kwa njia yake.

Uingereza nayo ilipata mapenzi ya chai kwa mkono wa Mreno kwa kiasi fulani. Chai ilikuwa tayari inauzwa London wakati Catherine wa Braganza, binti wa mfalme wa Ureno, alipoolewa na Charles II mwaka 1662. Yeye alikuwa na desturi ya kuinywa, na waungwana wa jumba la mfalme wakamuiga. Katika mahari aliyopewa mumewe kulikuwa na Bombay. Hivyo katika ndoa moja Uingereza ilipokea desturi ya chai ikapata nguvu, na bandari ya India ambayo baadaye ilifungamana sana na Mombasa.

Kilichopanda mlimani kabla ya chai

Kabla ya chai kufika nchi ya Wakipsigis, zao lingine la safari za Mreno lilikuwa limetangulia. Mahindi asili yake ni Amerika. Yaliletwa pwani hii enzi za Wareno, na sisi tukayaita mahindi kana kwamba yametoka India, kwa kuwa kila kigeni kilichokuja na meli kilidhaniwa ni cha huko. Polepole yalipenya bara. Wakipsigis walikuwa watu wa wimbi na maziwa. Leo ugali wao, kimyet, mara nyingi ni wa mahindi, na huliwa na mursik, maziwa ya mgando ya kwenye kibuyu.

Korosho ilitoka Brazil kwa njia hiyo hiyo. Muhogo, nanasi na pera pia ni mazao ya Amerika yaliyotufikia katika zama hizo. Katika Kiswahili Mreno aliacha maneno ya vitu vya nyumbani na vya utawala: meza, leso, foronya, kasha, pipa, karata, bendera, mvinyo. Neno gereza lina kisa chake. Latokana na neno la Kireno la kanisa. Kanisa lilikuwa ndani ya ngome, na ngome ikaja kuwa jela. Neno limebaki na maana ya mwisho.

Reli na watu wa Goa

Mreno aliondoka Mombasa, lakini Goa ilibaki mikononi mwake hadi Desemba 1961, India ilipoichukua. Wagoa wengi waliokuja Afrika Mashariki walikuja kutafuta kazi chini ya Waingereza, wakawa makarani, washonaji, wapishi na wafanyabiashara. Reli iliyoanza Mombasa 1896 na kufika ziwani Kisumu 1901 iliwachukua mpaka bara. Ilipita Londiani na Lumbwa, stesheni ambayo leo ni Kipkelion, katika kaunti ya Kericho.

Wawili wa asili hiyo wanastahili kukumbukwa. Joseph Murumbi alizaliwa 1911 Eldama Ravine, kaskazini ya nchi hii ya chai. Baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Mwaka 1966 alikuwa makamu wa rais wa Kenya. Rafiki yake Pio Gama Pinto alizaliwa Nairobi 1927. Alipigania uhuru wa Goa dhidi ya Mreno na uhuru wa Kenya dhidi ya Mwingereza, akafungwa kizuizini Takwa, kisiwani Manda, karibu kabisa na Lamu. Aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Suala la ardhi ni miongoni mwa aliyoyasemea bila kuogopa.

Chai yafika Kericho

Waingereza walichoka kuitegemea China. Katika karne ya 19 walianzisha mashamba Assam, kisha Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ceylon nayo ilikuwa na historia ya Mreno, aliyetia nanga huko 1505 na kufukuzwa na Waholanzi 1658. Wareno wenyewe baadaye walilima chai visiwani Azores, na Gurué, nyanda za juu za Msumbiji.

Kenya mche wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka 1903. Kericho ilikuja baadaye. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iliwagawia maafisa wa jeshi waliojeruhiwa vitani ekari zipatazo 25,000 huko Kericho ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa. Kampuni mbili za chai, Brooke Bond na James Finlay, zikaingia katikati ya miaka ya 1920 na kugeuza nchi kuwa mashamba makubwa.

Walichagua vizuri. Kericho iko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi. Msitu wa Mau upande mmoja na Ziwa Victoria upande mwingine huleta mvua karibu mwaka mzima, na majira ya alasiri mara nyingi huja na mvua ya mawe. Kwa hali hiyo chai huchumwa mwaka wote. Mchumaji huchukua majani mawili na kichipukizi, na kila kichaka hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Kiwandani majani hunyaushwa, husagwa, huachwa yabadilike rangi kwa hewa, hukaushwa kwa moto na kuchekechwa kwa madaraja. Kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu.

Mwafrika kwa muda mrefu hakuruhusiwa kuilima kwa biashara. Mlango ulifunguliwa na mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954, na mwaka 1964 ikaundwa mamlaka ya KTDA ya wakulima wadogo. Leo viwanda kama Litein na Kapkatet upande wa Kericho, na Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek upande wa Bomet, hupokea majani ya wakulima wenye vishamba vidogo.

Karatasi ya ardhi

Sasa turudi kwenye karatasi. Mwaka 1905, miaka 400 kamili tangu Almeida aichome Mombasa, jeshi la Waingereza lilipelekwa dhidi ya Wakipsigis wa Sotik. Watu wengi waliuawa na ng'ombe wao kwa maelfu wakachukuliwa. Sheria za Ardhi ya Mfalme za 1902 na 1915 zikampa gavana mamlaka ya kuwagawia walowezi ardhi, na hati nyingine zilikuwa za miaka 999. Mkipsigis aliyezaliwa pale alibaki kibarua au mkaaji wa ruhusa.

Ukoo wa Talai, wenye uongozi wa kiroho, ulionekana kuwa hatari zaidi. Mwaka 1934 serikali ilipitisha sheria ya kuuhamisha, ukapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, mahali pa joto na mbung'o. Watu na mifugo walikufa huko. Waliobaki walirudi uhuru ulipokaribia, wakaikuta nchi yao imegeuka chai. Wapo wazao wao ambao hadi leo hawana ardhi Kericho.

Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliamua kwamba Wakipsigis na Watalai walitendewa dhuluma ya kihistoria, ikapendekeza Uingereza iombe radhi na mashamba yapimwe upya. Mwaka 2022 wawakilishi wao waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwaka 2023, akafika hata Msikiti wa Mandhry hapa Mji wa Kale, alieleza masikitiko yake kuhusu maovu ya enzi za ukoloni. Hakuomba radhi rasmi.

Sisi wa pwani tusiyasome haya kama habari za watu wa mbali. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilitufanyia jambo la namna hiyo. Waliokuwa na njia ya kufika mbele ya wasajili walipata hati, na miongoni mwao walikuwamo Waarabu na Waswahili. Wamijikenda wengi, na Waswahili wasiojua habari za hati, waliamka wakiwa maskwota kwenye makaburi ya wazee wao. Ukweli huu una uchungu kwa sababu sehemu yake inatugusa wenyewe, lakini haki haigawanyiki. Hatuwezi kulia kwa ajili ya Kericho na kunyamaza juu ya Kilifi.

Mnada wa Mombasa

Chai ya Kericho na Bomet husafiri zaidi ya kilomita 700 hadi maghala ya Mombasa. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956 na kuhamishiwa Mombasa 1969. Mnada wa London ulipofungwa 1998, wetu ukazidi uzito. Leo ni mkubwa kabisa duniani kwa chai nyeusi ya kusafirishwa nje, na hupokea pia chai ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyinginezo. Mawakala huonja na kupanga bei, wanunuzi hushindana kwa mtandao, kisha shehena hushuka Kilindini. Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa, na Misri haiko nyuma. Kwa maneno mengine, jani lililotoka Asia linarudi Asia kupitia bandari ile ile ambayo Mreno aliijengea ngome.

Kazi nyingi za Mombasa hutegemea jani hili: wapakiaji, madereva, makarani, waonjaji, mafundi wa kuchanganya. Hata hivyo sehemu kubwa ya chai yetu huondoka katika magunia makubwa, ikapewa jina na pakiti ugenini, na faida ya jina hubaki huko. Mkulima wa Bomet husubiri bonasi ya mwisho wa mwaka, na katika miaka ya karibuni wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wamelalamika kwamba yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa eneo la Mlima Kenya.

Mwenye shamba mpya

Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mashamba ya James Finlay ya Kericho yananunuliwa na Browns Investments ya Sri Lanka, na ikaelezwa kuwa asilimia 15 ya hisa itatengewa ushirika wa wenyeji. Mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ilitangazwa kuwa mnunuzi wa mashamba ya Lipton, yaliyokuwa ya Brooke Bond hapo awali. Ceylon iliyotawaliwa na Mreno, kisha Mholanzi, kisha Mwingereza, sasa watu wake ndio wenye kumiliki vilima vya Kericho.

Mtu anaweza kulifurahia hilo: Asia na Afrika zinafanya biashara bila Mzungu katikati, kama zamani za majahazi. Lakini mkono unaoshika hati ukibadilika, haimaanishi aliyenyang'anywa amerudishiwa. Mei 2023 waandamanaji Kericho walichoma mashine za kuchumia chai, kwa hasira kwamba zinachukua kazi zao, na mtu mmoja akauawa. Aliyenyimwa ardhi alikuwa amebakiwa na kibarua. Kibarua nacho kikitwaliwa na mashine, amebaki na nini?

Majahazi ya kale yalithibitisha kwamba biashara ya mbali inawezekana bila ya kumpokonya mwenyeji. Ushuru ulikuwa wake, bandari ilikuwa yake, na mgeni alijua ni mgeni. Kipimo hicho chafaa Kericho, chafaa Bomet, na chafaa Kilindini. Hisa asilimia 15 ni mwanzo. Wakipsigis na Watalai wana haki ya kuuliza 85 zimekaa kwa msingi gani. Nasi tulio kwenye bandari inayowauzia chai yao tuna wajibu wa kuwaunga mkono, kwa sababu tunazijua karatasi hizo vizuri.